Fundi Pampu, Aliyehamishwa na Kiu ya Mji

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pampu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tano na mkorofi wa kwanza, akasoma shule ya msingi hapo hapo mtaani hadi darasa la saba, na mwaka 1971 akaajiriwa na idara ya maji kuchimba mitaro ya mabomba, kisha akakabidhiwa pampu ya kisima cha soko, karibu kabisa na kwa mama, hata chakula cha mchana akija kula nyumbani.

Tarehe 20 Septemba 1975 alimuoa wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu, lakini mji ulikuwa unavimba, visima vikaanza kutoa maji ya chumvi, idara ikaenda kuvuta maji mtoni, naye akahamishiwa mtoni, mto nao ukazidiwa, likajengwa bwawa milimani, mwendo wa siku nzima, na mwaka 1988 akapelekwa huko, chumba kimoja ubavuni mwa mashine. Alimsihi mkewe amfuate, akajibiwa, “Baba watoto, nina wateja, mimi na maji yako tutakutana bombani.”

Midomo ya watu haina likizo, ikavuma kwamba ana mwanamke huko, basi Agosti 1993 wifi alipanda lori la saruji, akafika, akasikia dirishani, “Mpenzi, leo mbona unakohoa, nani kakuudhi?”, akaingia na kiatu mkononi, akamkuta mumewe anaipaka pampu grisi. Alicheka hadi akakaa chini, akabaki wiki nzima, akaahidi kuhamia huko kitinda mimba akimaliza shule, kitinda mimba akamaliza, wakaja wajukuu, na marehemu akaacha kuuliza.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akarudi kwenye nyumba iliyokwisha kuzoea kuishi bila yeye, akawa anabisha hodi kwake mwenyewe, na kukaa kiti cha wageni.

Aprili 2019 alilazwa kwa maradhi ya moyo, ndipo wifi akafunga duka lake la kushonea, jambo ambalo hakulifanya hata alipojifungua, akatandika shuka sakafuni kando ya kitanda cha mumewe. Marehemu akauliza, “Na wateja?” Akaambiwa, “Watavaa za zamani.” Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa idara ya maji, waliokuja wengi kuliko viti.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, hapo hakuna wa kukuhamisha tena.