Wimbo Ambao Sikutaka Uimbwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliochelewa mkasimama mlangoni. Mchungaji ameniomba niwaambie Mungu amenitendea nini. Nitawaambia, lakini sitaficha kwamba ninasema na uchungu moyoni. Mungu ameniokoa kweli. Ila niliuchelewesha wokovu wangu mwenyewe, na kuna mtu aliyeumia wakati ule nilipokuwa ninachelewa.

Wengi mnanifahamu. Mi ni Mama Bella, ninauza vitenge soko la Jabe. Nilizaliwa Uvira, vita vikatuleta huku Bujumbura, na hapa Nyakabiga nikaolewa na Deo. Nyinyi wa zamani mnamkumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa anachagua nyimbo za ibada. Jumamosi mchana alikuwa anakaa mlangoni petu na gitaa, anajaribu wimbo, anauacha, anajaribu mwingine, na mimi nikiwa ninachambua maharage pembeni. Nilijifunza kwake bila kukusudia. Wimbo wa kwanza usiwe wa juu sana, maana watu bado wanaingia na koo hazijaamka. Wa sadaka uwe mrefu. Na kila Jumapili ziwepo za Kirundi, ziwepo na za Kiswahili kwa ajili yetu tuliotoka Kongo, ili mtu asirudi nyumbani bila kuimba kwa lugha ya mama yake.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa zamani wa Kirundi ambao Deo aliupenda kuliko zote. Unamsema mtu anayerudi nyumbani giza limeshaingia, hana kuni, hana mtu wa kumpokea, akafungua mlango na kukuta Mungu amekwisha kumwashia moto. Mama yake alimwimbia huo akimbeba mgongoni. Deo naye alikuwa anamwimbia Bella wakati wa kumwogesha, maji yanaruka, mtoto anacheka.

Kisha Deo aliugua homa. Tulifikiri ni malaria kama zile zilizotangulia. Tulimnunulia dawa, tukamwambia alale. Tulipomfikisha hospitali, madaktari walijitahidi, lakini haikuwezekana tena. Aliniacha na watoto wadogo.

Pale kaburini korali ikauanzisha ule wimbo. Walitaka kumheshimu mwenzao. Ndugu zangu, yaliposikika maneno ya kwanza mi nilianguka kwenye udongo, nikapiga kelele wanyamaze. Wakanyamaza. Mume wangu alizikwa na wimbo wake umekatwa katikati.

Miezi ikapita. Mchungaji akanifuata nyumbani, akaniomba nichukue kazi ya Deo ya kuchagua nyimbo, kwa kuwa nilijua vile alivyoifanya. Nilikubali upesi, hata yeye akashangaa. Watu wakasema, tazameni mjane huyu ana moyo wa kujitoa. Haikuwa hivyo. Nilikuwa ninauogopa ule wimbo kama mtu anavyoogopa nyoka ndani ya nyumba. Nikaona kwamba kazi ile ikiwa mikononi mwangu, hakuna atakayeuimba mbele yangu tena.

Na hautakiwi ujanja mwingi kuuzuia wimbo mmoja. Mtu wa korali akiutaja siku ya mazoezi, ninasema wiki hii tuna meza ya Bwana, tutafute mwingine. Siku nyingine ninasema wenye sauti za juu wana mafua. Siku nyingine ngoma haijatengenezwa. Mwishoni hakuna aliyeutaja tena. Walikuwa wananihurumia.

Mtu mmoja tu hakuacha kuutaja. Mama yake Deo.

Mama mkwe wangu, mabukwe kama tunavyosema hapa, alikuwa ameshuka kutoka mlimani kwao kuja kunisaidia watoto nikiwa sokoni. Ni mwanamke wa maneno machache. Hajawahi kunilaumu kwa lolote, hata kwa ile siku ya kaburini. Lakini Jumamosi, akiniona ninajaribu nyimbo mdomoni huku ninapika, alikuwa anasogea na kuniuliza kwa upole kama Jumapili hii tutaimba ule wa mwanawe. Mi nilikuwa ninamjibu, apana, mama, Jumapili ijayo. Anaitikia, anarudi kwenye mkeka wake. Wiki inayofuata anauliza tena. Nilianza kukasirika kidogo moyoni. Nilijiambia, huyu mama haoni kwamba ninaumia? Sikufikiri hata mara moja kwamba aliyemzaa Deo ni yeye.

Baadaye akaacha kuuliza. Nikashukuru. Nikaona pia amekuwa mkimya kuliko zamani, nikasema ni uzee. Kanisani alikuwa anakaa na mikono mapajani wakati wengine wanapiga makofi. Nikasema amechoka.

Siku moja nimerudi kutoka Jabe nikakuta sufuria ya wali inaungua, moshi umejaa, na Bella yuko nyuma ya bibi yake anamwita kwa nguvu zake zote. Mabukwe alikuwa amewapa mgongo jiko na mtoto, anakunja nguo taratibu kabisa. Hakugeuka. Nilimgusa bega, akashtuka kama mtu aliyeamshwa.

Nilimpeleka kliniki. Daktari, kijana mpole, alimpima masikio yote mawili, kisha akaniambia kwamba yamekuwa yakifa polepole kwa muda mrefu, na kilichokwisha kupotea hakitarudi.

Tulipotoka nje tulikaa kwenye ukingo wa saruji chini ya ukuta. Nilisogeza mdomo karibu na sikio lake.

“Mama, juu ya nini hukuniambia?”

Akajibu kwa Kirundi, kwa sauti kubwa ambayo hakujua ni kubwa, mpaka wapita njia wakageuka.

“Nilikuwa ninakuambia, mwana wanje, mwanangu. Kila nilipokuomba ule wimbo, nilikuwa ninakuambia ufanye haraka.”

Nilimuuliza kama akija kanisani bado anasikia korali. Akasema mtu mmoja akizungumza karibu kabisa, anampata. Lakini watu wengi wakiimba, anasikia kama mvua juu ya mabati tu, hajui ni wimbo gani.

Nilimrudisha nyumbani, halafu nikaja hapa. Kanisa lilikuwa tupu. Nilipiga magoti pale kwenye benchi ya korali na sikuweza kusali vizuri. Nilisema, “Bwana, mi siwezi kuuimba. Kama unataka uimbwe, basi uuimbe wewe.” Nililia mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Nilipoinuka woga ulikuwa bado upo. Sitawadanganya kwamba uliondoka saa ile. Lakini siku ya mazoezi niliwaambia korali kwamba Jumapili tutaimba wimbo wa Deo. Mpiga gitaa aliinama akaanza kukaza nyuzi.

Jumapili ile mlikuwepo, mlishuhudia. Nilianza ubeti wa kwanza mwenyewe. Nilifika pale mtu anaposhika mlango wa nyumba yake, sauti ikakatika. Nikasimama mdomo wazi mbele yenu. Korali wakanipokea, wakaendelea, nami machozi yananitoka.

Mabukwe aliniona ninalia. Hakujua tunaimba nini. Alimgeukia jirani yake, mama mmoja mwema, ambaye alimwinamia sikioni akamwambia. Basi akainuka. Alikuja kati ya mabenchi akishika huku na huku, akapanda hapa mbele, akaweka kiganja chake juu ya kifua changu. Alikuwa anataka kuusikia kwa mkono. Nikaanza kuimba tena ili apate kitu mkononi, na yeye akafungua mdomo akaimba.

Hakuwa nasi. Sisi tulikuwa ubeti wa pili, yeye alianza wa kwanza. Sauti yake ilikuwa kali na imepinda, kwa kuwa haisikii mwenyewe. Watoto wakacheka, mama zao wakawanyamazisha. Na korali, Mungu awabariki, wakaacha ubeti wao mmoja mmoja wakamfuata yeye. Gitaa likanyamaza, maana hakuna gitaa lingeweza kuifuata sauti ile. Tulikwenda naye mpaka mwisho, mpaka kwenye moto. Ule wimbo uliokatwa kaburini ulimalizika siku ile, na aliyeumaliza ni mama wa marehemu, na hakuusikia.

Tangu hapo siuogopi tena. Ninamwimbia mtoto wangu wa mwisho, ambaye hamkumbuki baba yake. Kwa hilo ninamshukuru Mungu, na nitamshukuru mpaka nife. Nilikuwa mfungwa, amenifungua.

Lakini ndugu zangu, kila tunapouimba ninamtazama mabukwe pale alipo. Anatazama midomo yetu na kutikisa kichwa, mara nyingine nje ya mapigo. Kulikuwa na Jumapili nyingi sana ambazo masikio yale yalikuwa hai, na wimbo ulikuwepo, na waimbaji walikuwepo. Kilichokosekana ni neno langu. Mungu amenisamehe. Mabukwe amenisamehe; nilipomwomba, alinipangusa uso kwa kitenge chake akaniambia nikapike. Hata hivyo zile Jumapili hazirudi.

Nawaomba mmwamini Yesu na jambo lile mnaloliogopa. Msingoje woga uishe ndipo mje kwake. Mimi nilikuja nao na hakunifukuza. Na kama kuna mtu hapa mwenye wimbo ambao hawezi kuusikia kwa sababu ya aliyemzika, au mwenye mzazi nyumbani anayeutamani wimbo fulani, Jumamosi tuko hapa kwenye mazoezi kuanzia mchana. Njoo uniambie jina la wimbo huo. Sitakuuliza sababu, nitauweka kwenye ibada ya kesho yake.