Udi Ulioharibu Sanduku la Ibtisam

Sogea, Jabir mwanangu, keti hapa nikuone uso, na wewe Ibtisam mjukuu wangu acha kulia, unipe mkono. Nyumba hii ya Al-Rawdah sheria itaigawa yenyewe, sina la kuusia, ila nina neno moja lililonikaa kifuani, na sitaki kuingia nalo kaburini.

Mwaka jana Ibtisam alikuja kutuaga kutoka Riyadh na sanduku lake, lile la kupandishwa na puto kubwa juu ya barafu ya kusini mwa dunia. Nikamwuliza, "Huko juu mnatafuta nini, mama, pasipofika hata kunguru?" Akacheka. "Umeme, Bibi. Hewa yote ina umeme, hata pasipo radi, na kule kwenye ncha ya dunia ndiko unakopimika vizuri." Akanionesha matufe mawili meusi, mfano wa machungwa, akasema hayo ndiyo yanayouonja, na hata kidole chenye jasho kisiyaguse.

Mimi sikusoma. Nilichosoma ni sauti ya mama yangu, siku tuliyotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, akizifukiza nguo zetu: "Msafiri hatoki bila udi, atapotea." Basi Ibtisam alipokwenda kuoga, nikamwambia Monicah, mtumishi wetu, aniwashie makaa ya chetezo, nikalifungua sanduku, nikayafukiza matufe yale kama bibi harusi, kisha nikayapaka mafuta ya udi, kwa mapenzi tu.

Jioni alipoyajaribu, yakasema uongo mtupu. Wenzake wakaenda, yeye akabaki. Nawe Jabir ukamgeukia Monicah, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipangusa chumba. Hadi leo namsikia: "Haki ya Mungu, Bosi, si mimi, hata sijagusa hiyo kitu!" Akanitazama. Makaa aliyawasha yeye, alijua, wala hakunitaja. Nami nikashika tasbihi, nikanyamaza, ukamfutia ikama, kibali chake cha kuishi huku, akarudi kwao Kenya. Mficha uchi hazai, wanangu. Mwaka mzima sikuzaa hata dua moja iliyopanda.

Jabir, unasema mwaka huu tena haendi, kwamba lile lilikuwa ishara. Halikuwa ishara, lilikuwa mkono wangu huu. Mwache mwanao aende. Ndege ni Alhamisi. Nikifa Jumatano asingoje hitima, Yasini atanisomea huko huko jua lisikotua. Na Monicah umpigie wewe mwenyewe, usitume mtu, umwombe radhi, yangu na yako. Akitaka kurudi umpokee kwa heshima, asipotaka, bangili zangu zimfuate kwao.

Maji kidogo... basi, yatosha. Ibtisam, Mungu akutulizie upepo, akupandishe na akushushe salama. Radhi zangu... unazo zote, mama.

Udi uliobaki umo mkobani, chini ya mto. Nifukizieni sanda... sanda yangu tu. Sanduku lake... msiliguse.