Tuko Bien, Soma Tu

Katika gari la kutoka Kasese kwenda Bwera, nyuma yangu, binti wa Butembo, ng’ambo ya mpaka, Kongo, aitwaye Alliance alimweleza mama asiyemjua kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili Kampala, kuanzia Juni. Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

“Sasa unalia nini?” mama yule akauliza. “Sisi masomo iliisha darasa la tano, tukapewa jembe.”

“Mama, niko naogopa. Mara ya kwanza, papa alikufaka nikiwa mu egzame, mitihani ya shahada ya kwanza. Bote ku nyumba balinificha ile kifo mpaka nikamaliza. Kila siku kwa simu, kama vile bote beko bazima: ‘Tuko bien, soma tu.’”

“Si walifanya hivyo juu walikupenda?”

“Njo maana niko naogopa. Beko bananipenda sana. Na hii vita ya kwetu, nikirudia masomo, nani ataniambia ukweli?”

Mimi, mwenye shahada moja na hamu ya kumfariji kila mtu, nilikuwa na hotuba tayari kuhusu faida za elimu. Niliimeza.

“Na usiposoma,” mama akauliza polepole, “hawatakufa?”

Gari lilisimama Bwera, na simu ya Alliance ikalia. Sauti ya mwanamke, mama yake, ikasikika hadi kwangu: “Mutoto yangu, tuko bien. Umekubali masomo?”

“Mama, ngoja kwanza. Unipe kaka Philippe. Kisha dada Esperance. Nataka kusikia sauti ya kila mutu.”

Tulishuka sote. Yeye alibaki kitini, akihesabu sauti kwa vidole.