Barazani Mjomba Alinisemea

Wakubwa wangu shikamooni, wenzangu wa kikundi, habari za nyumbani. Mmenitaka niseme habari ya talaka yangu, nami nasema mapema: haijatoka.

Ndugu zangu, mume wangu alikuwa ananipiga. Siku aliponivunja mkono nilitibiwa, kisha nikapanda kwetu milimani kumweleza mjomba. Nyie Waluguru mnajua, kwetu mjomba ndiye msemaji. Akawaita wazee wa upande wa mume, wakakaa, wakatamka kuwa ndoa imekwisha. Nikaamini niko huru, nikarudi mjini kuuza mboga.

Mume akanifuata sokoni. "Wewe bado mke wangu. Talaka yako iko wapi?" Nikakimbilia mahakamani. Karani akaniambia, "Mama, maneno ya wazee hayatoshi. Leta hati ya baraza la usuluhishi, iseme wamejaribu kuwapatanisha, imeshindikana." Jamani! Yaani ili niachike, kwanza nikapatanishwe.

Siku ya baraza nilikwenda na mjomba. Nikakaa kimya na adabu zangu zote, nimemwachia yeye aseme. Mjomba naye, kwa kunisitiri, hakutaja kipigo. Akasema tu, "Watoto hawa hawaelewani." Mume akatoa machozi, akasema ananipenda. Wazee wa baraza wakaamua turudi tukaelewane, hati hakuna. Nilijifungia chumbani nikajifunika khanga. Nawaambia kweli, nilichoka kuishi.

Ndipo dada mmoja wa kikundi hiki akanijia, akaniuliza, "Mdogo wangu, mkono uliovunjika ni wa mjomba au wako?" Akanisindikiza kuomba baraza likae tena, nimeshika PF3, ile fomu ya polisi niliyotibiwa nayo mkono. Safari hii nilisema mwenyewe, mbele ya wanaume. Hati nikapewa, nikafungua shauri la talaka mahakamani.

Mjomba hasemi nami tena, anaona nimemvua nguo. Shauri linaahirishwa kila mara, na mimi bado nafunga mlango jua likiwa juu, nikimhofia mume. Sina furaha ya kuwagawia leo. Ila dada yangu, ahsante, na nyie mnaokwenda kukaa nami kwenye benchi la mahakama, Mungu awalipe.

Kuna mmoja wetu hapa amevuta mtandio hadi machoni, na joto lote hili. Sitamtazama. Mama, ukiitwa barazani, sema mwenyewe. Ukiogopa, njoo gengeni kwangu. Nitafunga, twende wote.