Taisia Yermolaevna, Aliyetuzuia Kushangilia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane, Bi Taisia Yermolaevna Kuzhelnaya, Tasya kwa waliomzoea, anastaafu katika kitengo chetu cha vigunduzi. Alipoajiriwa aliahidiwa kwamba elementi mpya ingepatikana kabla ya theluji. Hakuambiwa theluji ya mwaka gani.

Kazi yetu mji mzima unaijua: kurusha kalsiamu kwenye utando mwembamba wa metali kwa miezi, tukiomba viini viwili tu vya atomu vishikane na kuzaa elementi mpya. Vikishikana, atomu hiyo nzito hufa kabla hujapepesa jicho. Huonwa na kigunduzi tu, kifaa kinachonasa mionzi yake, na vigunduzi ni vya Taisia. Huvipangusa kwa upole ambao mumewe, Saveli, anaapa hajawahi kuuonja.

Mwaka 2003 dalili ya elementi mpya ilitokea. Mkuu wetu, Rodion Gavrilovich, alikuwa ameshapiga simu Moscow na kufungua shampeni Taisia alipoingia, koti bado mwilini, akaitazama grafu.

"Rodion Gavrilovich, weka glasi chini. Hiyo si elementi. Ni uchafu wangu."

"Mungu wangu! Uchafu gani tena, Tasya?"

"Jumatatu nilikipima kigunduzi kwa chanzo cha mionzi, kikaacha masalia yenye mionzi. Sikukikagua tena."

Angenyamaza, nani angejua? Rodion alipiga simu ya pili Moscow, uso mwekundu kama supu ya bitiruti, na kwa mwezi mzima akawa anamsalimia kwa kidevu. Shampeni tuliinywa, ilikuwa imeshafunguliwa.

Miezi mitano baadaye dalili ikaja tena. Sote tukamgeukia yeye. Alituning'iniza siku kumi na moja, akipima, akirudia, akikataa hata keki ya asali. Siku ya kumi na mbili akasema, "Hii sina hatia nayo. Ni ya kweli."

Rodion akalia mbele za watu. "Tasya, ungenyamaza siku ile, leo nani angeniamini?" Akampa kalamu atie saini ripoti kabla yake.

Taisia Yermolaevna, asante kwa kila furaha uliyotuharibia. Nafasi yako bado iko wazi: waombaji watatu wamejitoa waliposikia kwamba kazi yenyewe ni kumwambia mkuu hapana. Nenda kwenye viazi vyako na Saveli wako, upumzike kwa afya na amani. Nasi tutajifunza kujitilia shaka wenyewe.