Vipimo Vyangu Vilevile

BUBU: Haloo? Nani mwenzangu?

MADAMU: Haloo! Ni mimi, wifi yako. Kwani namba yangu umeifuta?

BUBU: Shikamoo, wifi.

MADAMU: Marahaba, mpenzi. Habari za tangu—

BUBU: Cherehani zimenyamaza huko kwako.

MADAMU: Nini?

BUBU: Siku zote ukipiga simu, zinanguruma nyuma yako mpaka unapayuka. Leo nasikia hata saa ya ukutani.

MADAMU: Mafundi wanapumzika. Sikiliza, nasikia duka lako la mtandaoni linatembea.

BUBU: Linajikongoja.

MADAMU: Usinifiche, wifi. Nina jambo dogo tu. Ile fomu ambayo wateja wako wanajaza wakiagiza nguo. Unatumia ipi? Hii yangu ya bure imenitoa roho. Kuna nyingine ya kulipia kwa mwaka, inawapanga wateja kwa rangi, inawakumbusha hata siku zao za kuzaliwa. Halafu kuna hiyo yako ya—

BUBU: Ya sauti.

MADAMU: Hiyo hiyo.

BUBU: Ile uliyoiita fomu ya wasiojua kusoma.

MADAMU: Jamani, ule ulikuwa utani!

BUBU: Wateja saba walikuwepo. Walicheka kweli.

MADAMU: Yamepita hayo. Niambie, inafanyaje kazi?

BUBU: Mteja haandiki, anaongea. Anasema bega langu moja limeshuka, au nanyonyesha, kifua niachie nafasi. Namsikiliza huku nashona. Kuandika kwangu kwa kuvizia, wifi, unajua. Ila masikio ninayo mawili.

MADAMU: Halo? Unakatika-katika.

BUBU: Nipo. [kwa sauti ya mbali] Inua mikono, dada. Hivyo hivyo. Thelathini na tano... thelathini na mbili.

MADAMU: Unaongea na nani?

BUBU: Nampima mteja.

MADAMU: Namba mbili? Ana viuno viwili?

BUBU: Kiuno kimoja tu. Endelea, nakusikia.

MADAMU: Basi fomu yangu inaharibu vipimo. Nakuapia! Nguo arobaini zimerudi, zote zinapwaya. Yule mwalimu mkuu kavaa gauni lake, akaniambia humu ningeingia na dada yangu, na nafasi ya mkoba ingebaki.

BUBU: [anacheka, kisha anakohoa] Pole.

MADAMU: Unacheka?

BUBU: Uzi umenipalia. Nilikuwa nimeushika kwa meno. Wateja wanajazaje hiyo fomu?

MADAMU: Mpya anajipima mwenyewe. Wapya wote nguo zimewakaa, ndiyo maana nachanganyikiwa. Wanaolalamika ni wa zamani. Hao nimewawekea kitufe, kimeandikwa "Vipimo vyangu vilevile." Wanakibonyeza tu, fomu inachukua namba zao zilizopo.

BUBU: Zilizopo wapi?

MADAMU: Zilizopo... si zile tulizokuwa nazo tukiwa duka moja.

BUBU: Tulizokuwa nazo nani, wifi?

MADAMU: Haloo? Haloo? Mtandao huu nao—

BUBU: Mtandao mzuri. Nakusikia unavyopumua.

MADAMU: Leo Bubu kapata ulimi.

BUBU: Jina ulinipa wewe.

MADAMU: Tusichimbue makaburi. Nina kazi ya harusi Jumamosi, bi harusi na wasimamizi sita, na naye alibonyeza hicho hicho kitufe. Hajaja kujaribisha, simu hapokei. Nikiharibu hiyo, nafunga duka. Niambie nichague fomu ipi!

BUBU: Chukua ya kulipia.

MADAMU: Kweli? Itarekebisha?

BUBU: Itapanga vizuri. Hamisha namba zote kama zilivyo, usiguse hata moja.

MADAMU: Afadhali. Maana nimeshailipia asubuhi. Ya mwaka mzima!

BUBU: Hongera. [kwa sauti ya mbali] Geuka, bi harusi. Usiinamishe kichwa.

MADAMU: Umesema bi harusi?

BUBU: Ndiyo.

MADAMU: Bi harusi yupi?

BUBU: Wa Jumamosi. Ana wasimamizi sita, wamejipanga kwenye benchi langu wanasubiri zamu. Wamekuja na vitambaa vipya.

MADAMU: Yule ni wangu!

BUBU: Alikuwa wangu. Ukasema duka la mtandaoni linataka mtu aliyesoma, akawa wako. Sasa amesimama juu ya stuli yangu.

MADAMU: Mchawi wewe! Nakulea kama mdogo wangu, kumbe nafuga nyoka! Kaka akisikia—

BUBU: Kaka yako yupo hapa, anapiga pasi bitana. Nimpe simu?

MADAMU: [kwa sauti ya chini] Hapana. Mwache.

BUBU: Anakusalimu.

MADAMU: Wifi... mpenzi. Umenifanya nini? Umezichezea zile namba?

BUBU: Sijagusa kitu. Siku moja kule dukani nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nilikuona unapiga picha daftari langu la vipimo. Ukurasa kwa ukurasa, unalamba kidole ndipo unafunua.

MADAMU: Ulikuwa unaniona?

BUBU: Mwanzo mpaka mwisho. Na nilitaka kutoka nikwambie kitu kuhusu tepu yangu, ili usije ukaaibika. Nililishika pazia hivi. Ndipo ukapigiwa simu, ukamwambia mtu, "Yule? Yule hata darasa la tano hakulifikia, atajua nini."

MADAMU: Wifi—

BUBU: Nikaliachia pazia.

MADAMU: Tepu yako ina nini? Nisamehe, basi, nimekosa, nimekosa mara mia! Tepu ina nini? Niambie haraka, salio langu lina—

BUBU: Ina—

MADAMU: Haloo? Halo—

[Simu imekatika.]

BUBU: [bado ana simu sikioni] Pasi iliilamba tepu ncha, wifi, mwaka ule tulipoanza. Inaanzia tatu. Kila namba ya daftari lile ina inchi tatu za bure. Mimi huzitoa kichwani nikikata kitambaa. Kutoa tulifundishwa darasa la pili, na hilo nililimaliza.