Gari Likae Wapi: Miaka Ishirini na Miwili ya Mzee Soilihi Chamsidine

Moroni, tarehe 30 Juni 1987. Leo Mzee Soilihi Chamsidine anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya ramani za majengo kwa miaka ishirini na miwili. Ni mwaka wa ishirini na tatu tangu aondoke Unguja. Wasifu wa kila mstaafu wa hapa aliuandika yeye, kwa kuwa ndiye aliyedai kuwa na kalamu. Zamu yake ilipofika, kila tuliyemtarajia aandike alikumbuka kazi nyingine. Basi ameuandika mwenyewe, na mwenye malalamiko anaijua nyumba yake.

Alianza kwa kuchonga penseli za wenzake. Mwaka 1978 mamluki walipoingia kupindua serikali, wakawa wanajichukulia magari, gari lililoachwa barabarani likawa halina uhakika wa kukutwa palepale, na kila mwenye uwezo akataka nyumba ya ghorofa yenye gereji ndani. Mkurugenzi akaangaza ofisi nzima, akamwona mtu asiyejua kuendesha hata baiskeli, akamkabidhi gereji zote.

Nadharia yake ilikuwa fupi: gari halipandi ngazi, kwa hiyo gereji iwe chini. Hivyo ndivyo alivyoichora kwenye ghorofa nne za mfanyabiashara Mmadi, hapa Moroni. Alisahau lile ambalo kila Mngazidja, mtu wa kisiwa hiki, analijua kabla ya kuota meno: nyumba ni ya binti aolewapo, na chini ni pa binti wa kwanza. Mmadi ana mabinti wanne. Mkewe, Bi Batoul, alifika ofisini na ramani mkononi, akamwuliza Mzee Soilihi mbele yetu sote, akimwita kwa jina la bintiye: "Baba Nafissa, gari nalo linaolewa?"

Hatimaye gereji ilihamia juu ya paa. Nyuma ya kiwanja, upande wa mlimani, inapita barabara iliyo sawa na paa hilo, na gari likaingilia huko. Ndiyo gereji yake pekee iliyosifiwa. Aliyeigundua barabara hiyo ni Bi Batoul.

Sifa hizo zilimfikisha Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani. Mwaka 1983 Bwana Chaher alitaka jengo la ghorofa ndani ya mji wa kale, na Mzee Soilihi, bila kuinuka kitini Moroni, akamchorea chini yake gereji ya magari sita, nguzo zimenyooka, nafasi ya kugeuzia ipo. Alipokwenda kulikagua limekwisha jengwa, alilifikia kwa miguu, maana njia ya gari haipo. Uchochoroni alitanua viwiko, vyote viwili vikagusa kuta. Alimwuliza Chaher kwa nini hakusema. Chaher alijibu kwa adabu: "Ramani imetoka mji mkuu, fundi. Tulidhani barabara inafuata." Leo humo hupikwa pilau za harusi, na wapishi wanamwombea dua.

Imebaki gereji ya tatu, ya nyumbani kwake. Alipoijenga nyumba hiyo kwenye kiwanja cha mkewe, Bi Saandia, alikataa kupanga vyumba chini. Aliona kwamba mwenye nyumba ya binti katika mji amekwisha kuwa mtu wa mji huo, na yeye ni mpita njia. Akaandika "gereji", akaweka mlango mpana, na ndani yake makasha matatu ya Unguja, hayajafunguliwa, yakingoja safari ya kurudi. Gari hajawahi kuwa nalo.

Mwaka huu binti yao Nafissa amechumbiwa. Bi Saandia alishuka chini, akayatazama yale makasha, akauliza: "Na haya je, yanaolewa lini?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yake ya mwisho ofisini: gereji kugeuzwa sebule na vyumba viwili. Mlango mpana umeng'olewa wiki iliyopita. Makasha yamefunguliwa, na ndani yalikuwamo mapazia ambayo hayalingani na dirisha lolote la nyumba ile, isipokuwa moja jipya la Nafissa. Hilo alilichora kwa kipimo cha mapazia.

Tunamshukuru kwa uvumilivu wake, naye atushukuru kwa wetu. Tunamtakia uzee wenye afya na magoti ya kupandia ngazi, maana sasa anakaa juu.

Unguja hatarudi.